Kisanduku cha Jina la Baba

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeambiwa niliseme hilo mapema, nami nimelisema. Ukimtambua mtu humu ndani, tatizo ni macho yako, nenda kapime.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo, hakuna anayenyamaza kikaoni. Si kwamba kila mtu ana la kusema. Asiye na la kusema husimama, hufunga kifungo cha koti, akatamka, "Mwenyekiti, namuunga mkono mzungumzaji aliyetangulia," kisha huketi na kupigiwa makofi. Wanaipenda sana desturi hii. Kamati za harusi humaliza ajenda zote kwa njia hiyo. Msibani vilevile: wa kwanza akisema marehemu alikuwa mpole, basi mpaka jioni marehemu ni mpole, hata kama nusu ya waombolezaji wana makovu aliyowaachia. Kuna bwana mmoja aliulizwa na daktari anaumwa nini, akajibu anamuunga mkono mgonjwa aliyetangulia. Akapewa dawa za wajawazito. Alizimeza zote, na alipotoka akashukuru.

Mimi nina kibanda cha steshenari pembeni ya ofisi ya kata. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na tangu Serikali ihamie kwenye kompyuta nawajazia watu fomu mtandaoni. Kwa hiyo mengi ya haya niliyaona mwenyewe, hasa yale ambayo sikutaka kuyaona.

*

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Majibu. Zamani ilikuwepo pia Wizara ya Maswali, ila ilivunjwa baada ya kuuliza kwa nini.

Waziri wa Majibu, Mheshimiwa Dokta Tegemea Mapambio, alitangaza kwamba kila raia atapewa Namba ya Mwananchi kwa njia ya kompyuta. Bila namba huolewi, huzikwi, na mtoto wako haingii kidato cha kwanza. Akaajiriwa kijana mmoja, Injinia Lwitiko, aujenge huo mfumo. Lwitiko alijenga vizuri tu, mpaka siku alipofanya kosa la kwenda wizarani na swali.

"Mheshimiwa," alisema, "huu mfumo hatukuuanza kwenye udongo. Tumechukua kiunzi kilichokwisha tengenezwa na wengine, kama mtu anavyonunua fremu ya mlango iliyokwisha pigwa randa. Sasa kiunzi kinataka tukiambie jambo moja. Mwananchi akiacha kisanduku wazi kwenye fomu, kifanye nini?"

"Kwani chenyewe kimezoea kufanya nini?"

"Usipokigusa, kinaacha wazi. Kinahesabu hapo hakuna kitu."

Waziri akavua miwani. "Hakuna kitu? Katika nchi hii? Baada ya maendeleo yote haya?"

Ndipo ikaundwa Kamati ya Taifa ya Utupu. Vikao vyake vilirushwa moja kwa moja redioni kwa ajili ya uwazi, na sisi tulisikiliza kwa sababu redio ilikuwa moja.

Vikao vya mwanzo havikufika hata kwenye kisanduku. Viliishia kwenye nafasi. Lwitiko alieleza kwamba kuna watu wakiandika jina hugusa kwanza kile kitufe kirefu cha chini, jina likaanza na nafasi tupu mbele yake. Je, mashine iikate nafasi hiyo yenyewe? Mkurugenzi wa Itifaki akasimama kwa uchungu.

"Ndugu wajumbe, nafasi iliyo mbele ya jina ni heshima! Gari la Mheshimiwa hutanguliwa na king'ora. King'ora hutanguliwa na barabara tupu. Leo mnataka jina la Mheshimiwa lianze tu, puu, kama la muuza karanga?"

Wajumbe wakamuunga mkono mmoja baada ya mwingine. Ikaamuliwa nafasi za raia zikatwe, za viongozi zitunzwe na kuongezwa. Mpaka leo ukimtafuta Waziri ndani ya mfumo ule, unasogeza ukurasa kwenda kulia, unasogeza, unasogeza, kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Walipofika kwenye kisanduku kitupu, wote walikuwa wamechoka, na sisi tuliokuwa tunasikiliza tumechoka zaidi. Lwitiko akasema mashine inaweza kuikataa fomu mpaka mtu ajaze. Au inaweza kuiacha wazi kama ilivyo. Akaomba wachague.

Waziri akacheka kwa upole, kicheko cha mtu mwenye redio.

"Kijana, umesoma lakini hujaishi. Mwananchi anayeacha wazi hajakosa jibu. Amekubaliana! Sisi humu ndani tukinyamaza tuna maana gani? Kisanduku kitupu maana yake ni hii: namuunga mkono aliyetangulia. Mashine ichukue jibu la aliyetangulia kwenye foleni, iliweke hapo. Basi."

Makofi yalipigwa mpaka redio yangu ikakoroma.

"Mheshimiwa," Lwitiko aliuliza, "hata kwenye jina la baba?"

"Hasa kwenye jina la baba! Umoja wa kitaifa utaanzia wapi kama si nyumbani?"

Jioni hiyo Lwitiko alipita kibandani kwangu kutoa fotokopi. Uso wake ulikuwa kama nguo iliyofuliwa ikasahauliwa kwenye beseni.

"Injinia, uliwaambia lakini?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Waliniunga mkono. Halafu akasimama yeye, wakamuunga mkono yeye."

*

Mbele ya kibanda changu, ng'ambo ya barabara, ana cherehani yake dada mmoja aitwaye Siwema. Sisi tunamwita Mama Kidawa, kwa jina la bintiye wa pekee. Futi yake ya kupimia haitoki shingoni, nadhani huoga nayo. Sare za shule za kata nzima anashona yeye. Ukiona kaptula imepasuka, ujue mama yake mtoto alikwenda kushona mjini kwa maringo.

Mwaka huo Kidawa alikuwa amefaulu, amechaguliwa sekondari ya kata. Sketi yake ilishonwa siku ileile matokeo yalipotoka, ikaning'inizwa juu ya cherehani ndani ya mfuko wa nailoni, kila mteja akiingia anaambiwa, "Hiyo usiishike, ina mwenyewe." Kilichobaki ni namba. Siwema akavuka barabara, akakaa kwenye benchi langu, nikaanza kumsomea maswali. Tukaenda vizuri mpaka tukafika.

"Jina la baba?"

"Ruka."

"Mama Kidawa, weka hata la kuzugia. Watu wote wanaweka. Weka la babu yake."

"Babu yake ndiye aliyemzaa?"

"Hapana, ila..."

"Sikiliza, wewe mtoto wa fotokopi. Huyo bwana nilimpelekea mwanawe mgongoni. Alikuwa anakula ugali. Akamwangalia, akasema si wangu, akaendelea kula. Tonge halikumponyoka hata moja. Tangu siku ile hapo pako wazi, na nimepaacha wazi kwa makusudi. Siyo kwamba sijajibu. Hilo ndilo jibu langu."

"Kwa hiyo nisiandike kitu."

"Usiandike. Tena usiandike kwa herufi kubwa."

Sikuandika.

*

Fomu zote zilizokuwa na kisanduku kitupu zilikuwa zimerundikwa zikisubiri uamuzi wa Kamati. Sasa uamuzi ulipotoka, ofisi ya kata ikafungua Dirisha Namba Tatu, juu yake kibao: WENYE NAFASI WAZI. Wakaja akina mama na watoto wao, akina bibi na wajukuu wao, wote kisanduku chao kilekile. Foleni ikatoka mlangoni, ikauzunguka ukuta, ikaja kukata mbele ya kibanda changu.

Dirisha haliwezi kufunguliwa hivi hivi. Akaja Waziri kulizindua. Mheshimiwa huzindua kila kitu. Aliwahi kuzindua bomba lililokwisha zinduliwa na mtangulizi wake, maji yakakataa kutoka kwa wote wawili bila upendeleo. Safari hii alikuja na kitinda mimba wake, Brayton, aliyeletwa kwa ndege kutoka anakosoma ili awe wa kwanza kuhudumiwa. Kijana alistahili dirisha lile kabisa, maana kisanduku cha "Makazi yako nchini" hakuwa na cha kujaza. Na kwa kuwa hakuna aliyemtangulia, kikabaki wazi kama kilivyo.

"Ndugu wananchi!" Waziri aliunguruma. "Zamani, utupu ulikuwa utupu! Leo, chini ya uongozi thabiti, utupu umejaa!"

Tarumbeta. Makofi. Brayton akaandikishwa, akauliza kama kuna kiyoyozi, akarudishwa garini. Aliyefuata dirishani alikuwa Kidawa, kwa sababu mama yake alifika kabla jogoo hajajua zamu yake.

Karani, Bi Chausiku, akabonyeza. Mashine ikatafakari. Ikatoka karatasi: KIDAWA TEGEMEA MAPAMBIO.

"Hongera, mama," alisema Bi Chausiku.

"Huyu hapa ni nani?"

"Baba."

"Baba wa nani?"

"Wa mwanao."

"Dada yangu, mimi niliacha wazi."

"Ndiyo. Umemuunga mkono aliyetangulia."

"Nimemuunga mkono saa ngapi? Sijafungua hata mdomo!"

"Ndivyo ilivyo, mama. Asiyefungua mdomo ndiye anayeunga mkono kuliko wote. Anayefuata!"

Anayefuata naye aliacha wazi. Akachukua baba wa Kidawa. Wa nyuma yake akachukua baba wa huyo. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa foleni, na Mheshimiwa wakati anaondoka alisimama kwenye gari akiwapungia mkono wananchi, asijue kwamba anawapungia wanawe.

*

Jumatatu Kidawa akavaa sketi yake. Mama yake akamsindikiza mpaka shuleni. Mkuu wa shule, Mwalimu Ndimbo, akaiangalia karatasi, akamwangalia mtoto, akaiangalia tena karatasi.

"Mama Kidawa, huyu hawezi kusoma hapa."

"Namba si hiyo hapo?"

"Namba ipo. Tatizo ni baba. Watoto wa Waheshimiwa hawaruhusiwi kwenye shule zetu. Kuna sheria ya kulinda hadhi yao. Wasije wakakaa chini."

"Wangu anakaa chini vizuri tu, mwalimu. Nimemfundisha mwenyewe."

"Najua. Kaptula za wanangu umeshona wewe, nitakuficha nini? Lakini mfumo unasema huyu binti anasoma nje. Nikimpokea, nimemteka nyara mtoto wa Waziri."

"Kwa hiyo aende nje?"

Mwalimu Ndimbo akachungulia dirishani. Getini kulikuwa na kundi la watoto wenye karatasi kama hiyohiyo, na wote walikuwa wanasoma nje.

Nilimwona Siwema akirudi, mtoto nyuma yake. Hakulia, yeye si wa hivyo. Alimvua binti yake ile sketi, akaikung'uta vumbi, akairudisha kwenye nailoni, akaketi kwenye cherehani na kuanza kushona kitu ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nadhani hata yeye hajui.

"Mama," Kidawa alisema, "mwakani watakuwa wamesahau."

"Wakisahau wao, nitawakumbusha mimi," Siwema alijibu. "Kaa, kula."

Huko juu nako mambo hayakuwa mazuri. Itifaki ni itifaki: siku ya sherehe ya taifa, watoto wote wa Waziri wakapelekewa viti vya jukwaa kuu, na mabalozi wakakalishwa kwenye nyasi. Mke wa Mheshimiwa, aliyekuwa ng'ambo kwa matibabu ya uchovu, akarudi na swali. Ilikuwa mara ya kwanza Wizara ya Majibu kukosa la kusema.

"Tegemea. Wote hawa?"

"Mke wangu, ni mfumo."

"Hata baba yangu alimwambia mama hivyohivyo."

*

Lwitiko aliitwa. Akasema jambo lenyewe ni dogo, ni mstari mmoja tu wa kubadilisha, kisanduku kitaachwa wazi na kila mtu atarudi kwake. Wakamwuliza kama mstari huo unaweza kubadilishwa bila kuitisha Kamati ya Taifa. Akasema mashine haijali. Wakasema wao wanajali. Na Kamati haikuweza kuitishwa, kwa sababu uamuzi wake wa mwisho ulikuwa umeungwa mkono na wote, na hakukuwa na aliyebaki wa kuupinga. Lwitiko akatoka na mstari wake. Nasikia bado anatembea nao.

Badala yake ikatangazwa Siku ya Kukana. Waziri mwenyewe angeketi Dirisha Namba Tatu, watoto wapite kwa foleni ileile, kila mmoja na mlezi wake, na Mheshimiwa amkane kila mtoto kwa sauti, uso kwa uso, kama sheria ya nchi hiyo inavyotaka. Karani angefuta jina. Mimi niliitwa nije na printa yangu, maana ile ya ofisi ilikuwa imeishiwa wino tangu uzinduzi wa wino.

Kidawa alikuwa wa kwanza tena. Alivaa sare kamili. Mama yake alisimama nyuma yake, mkono begani.

Waziri akasoma karatasi bila kuinua macho. "Kidawa. Si wangu."

Niliuona ule mkono begani ukikaza. Watu wa kwenye foleni walikohoa. Bi Chausiku akafuta jina, kisanduku kikabaki kitupu, mashine ikatafakari. Karatasi ikatoka kwenye printa yangu: KIDAWA TEGEMEA MAPAMBIO.

"Nini tena?" Waziri aliuliza.

"Mzee," Bi Chausiku alisema, "ukishafuta kinabaki wazi. Kikiwa wazi kinamuunga mkono aliyetangulia. Na aliyetangulia ni Brayton."

"Nimesema si wangu!"

Bi Chausiku akafuta tena. Mashine ikatafakari. MAPAMBIO.

"Si wangu, si wangu, si wangu!"

"Mheshimiwa, mara moja inatosha, nikibonyeza haraka inaganda."

MAPAMBIO. Printa yangu nilianza kuionea huruma.

"Basi," alisema Siwema.

Hakupaza sauti. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayekata kitambaa, kila aliyekuwa pale aliisikia ikipita.

"Mheshimiwa, huyu mtoto alishakataliwa mara moja, na mtu aliyekuwa anamjua. Wewe humjui, na umeshamkataa mbele ya kata nzima mpaka sauti imekukauka. Pumzika, baba yangu. Kunywa maji."

"Na mimi simtaki," Kidawa alisema.

Foleni ikaangua kicheko mpaka kule kwenye kona ya ukuta, ambako hawakusikia lililosemwa ila waliwaunga mkono waliotangulia kucheka.

Siwema akainama dirishani. "Dada Chausiku, hicho kisanduku kinakagua nini?"

"Hakikagui, mama. Kinaangalia tu kama kuna kitu ndani."

"Kitu chochote?"

"Chochote."

"Andika Siwema."

"Siwema ni wewe. Hapa panataka baba."

"Nakuuliza, ukiandika kitakuwa kimejaa au hakijajaa?"

Bi Chausiku akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Mkurugenzi wa Itifaki. Mkurugenzi wa Itifaki akatazama kifuniko cha kalamu yake. Hakuna aliyewahi kutangulia kwenye jambo hilo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuunga mkono. Kimya kilichoingia mle ndani hakikuwahi kusikika katika nchi ile.

"Nilidhani nikiacha wazi mtaelewa," Siwema alisema. "Niliacha wazi mkajaza wenyewe. Haya, nimejaza."

Bi Chausiku akaandika. Mashine safari hii haikutafakari hata kidogo. Ikalia ting, na karatasi ikatoka: KIDAWA SIWEMA. Mama yake aliikunja, akaiweka kifuani, akamshika mtoto mkono, wakaondoka kabla mtu hajapata wazo.

"Anayefuata!"

Alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake, Hamduni, mvulana aliyevaa kaptula ya mtu mwingine mkubwa zaidi.

"Si wangu," alisema Waziri. Bi Chausiku akafuta. Kisanduku kikabaki wazi. Mashine ikatafakari, ikamtazama aliyetangulia. HAMDUNI SIWEMA.

"Limetoka!" Waziri aliruka kutoka kwenye kiti. "Limetoka jina langu! Endelea, endelea! Si wangu! Anayefuata! Si wangu!"

Wakapita wote. Jua lilipofika utosini, Mheshimiwa alikuwa amebaki na wanawe wa mwanzo tu, pamoja na wale ambao mfumo hauwajui. Akapanda kwenye kiti, akatangaza kwamba tatizo la ukosefu wa akina baba limekomeshwa nchini, na akazindua kiti.

*

Mwalimu Ndimbo aliwapokea wote Jumatatu iliyofuata. Akiita majina asubuhi inachukua muda, maana akisema Siwema darasa zima linaitika. Kidawa anakaa chini, mstari wa mbele, anasema panamfaa.

Ila nchi ile ina sheria nyingine, ya zamani kidogo, na hiyo hawakuitengua: sare ya shule ni jukumu la baba.

Mchana huohuo niliwaona wanakuja. Wanatokea upande wa shule, wanavuka barabara wawili wawili, wengine wana viraka, wengine wameshikilia kiuno cha kaptula kwa ngumi. Foleni ikauzunguka mti wa umeme, ikaja kukata mbele ya kibanda changu, nikajua biashara imekufa leo. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha.

Siwema hakuwa amewaona bado. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano.

Hamduni alikuwa wa mbele. Alisimama, akafuta pua kwa mkono wa shati, akainamisha kichwa kama alivyofundishwa na bibi yake.

"Shikamoo, baba."

Siwema akainua uso. Akamtazama yeye, akaitazama foleni nyuma yake mpaka ilipoishia. Akatazama marobota yake ya kitambaa, ambayo yalikuwa mawili na la pili si la kaki. Akapumua kwa muda mrefu, pumzi ya mtu aliyeamka mapema miaka mingi.

"Marahaba," alisema, akavua futi shingoni. "Nyoosha mikono nikupime. Na nyie wa nyuma, simameni vizuri. Nisisikie mtu ananiambia anamuunga mkono aliyetangulia. Kila mtu ana kiuno chake."